Ludger Lizotte, Kocha wa Ghala la Viazi

Baba Paroko, wifi yangu Fernande, watoto na wajukuu, ndugu wa pande zote mbili za mto, majirani na wanachuo, mimi ni Rosalba Sirois, dada wa mwisho wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu Normand alisema akisimama hapa atalia, Colette akasema yeye atalia zaidi, na mimi nikasema basi nipeni hiyo karatasi, nitalia nikifika nyumbani. Nitasoma taratibu, na nikitoka nje ya karatasi mnivumilie, maana iliandikwa na kamati na kamati haikulelewa naye.

Kaka yetu Ludger Phydime Lizotte alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1946, hapa Grand Coude, katika nyumba ya kilimani ambayo sasa inakaliwa na kina Gendreau, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Phydime Lizotte, mkulima wa viazi, na marehemu Alphonsine, mama wa nyumbani na mwimbaji wa kwaya ya kanisa hili kwa miaka arobaini na moja. Alibatizwa hapahapa Jumapili iliyofuata, tarehe 17, na mama alikuwa akisimulia kwamba padre alipommwagia maji alinyamaza kimya, ila walipomkausha ndipo akalia, habari ambayo sisi wadogo zake tuliisikia kila Krismasi hadi tukaichoka.

Mwezi Septemba 1953 alianza darasa la kwanza katika shule ya masista, ambako alijulikana kwa mambo mawili, kichwa chepesi cha hesabu na mdomo mzito wa Kiingereza, na kwa kuwa siku zile kuongea Kifaransa chetu uwanjani lilikuwa kosa, alibakizwa kufuta ubao mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote, na wapo wazee humu ndani wanaocheka sasa hivi kwa sababu walikuwa wakiufuta pamoja naye. Hoki ya barafuni alijifunza mtoni, akiwa amefunga magazeti makuukuu kwenye miguu kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili asivunjwe mifupa, na gongo lake la kwanza alilichonga mwenyewe kwa tawi la mti, likavunjika siku ya pili, akachonga jingine.

Tarehe 4 Oktoba 1962, shule ikiwa imefungwa kwa likizo ya mavuno kama ilivyo desturi yetu, na sisi sote tukiwa shambani tunaokota viazi, pipa lililojaa liliporomoka kutoka kwenye gari na kumponda baba mguu wa kulia. Shule ilipofunguliwa Ludger, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la kumi, hakurudi, akamwambia mama, "Nitarudi mwakani, baba akipona," na baba alipona nusu, na mwakani hiyo haikufika kamwe. Kwa hiyo kaka yetu, ambaye leo chuo kizima kimekuja kumsindikiza, hakuwa na cheti hata kimoja isipokuwa cha ubatizo na cha ndoa.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 1968 hadi tarehe 30 Mei 2003 aliajiriwa na chama cha ushirika kuwa mtunzaji wa ghala kubwa la viazi la barabara ya stesheni, lile lililozama nusu ardhini, na kazi yake kwa miaka thelathini na mitano ilikuwa moja tu, kuzuia baridi isiingie. Kiazi kikiganda kimekwisha, kinageuka maji meusi, na humo ndani kulikuwa na mavuno ya familia sitini, kwa hiyo redio ikitangaza usiku wa baridi kali Ludger alikuwa akiacha chakula mezani, anakwenda kufunga matundu yote ya hewa, anajaza jiko la kuni, anarudi na kumwambia mkewe, "Nimeshafunga, viazi viko salama," na ndipo anamalizia chakula chake kilichokwisha kupoa. Katika miaka hiyo yote hakugandisha gunia hata moja, na sijui kama kuna askofu anayeweza kusema vivyo hivyo kuhusu roho alizokabidhiwa, Baba Paroko unisamehe.

Jumamosi, tarehe 28 Juni 1969, alifunga ndoa kanisani humu na Fernande Marquis, ambaye alimpata kwa kumtembelea kila Jumapili kwa miezi kumi na minne bila kusema jambo la maana, mpaka Fernande mwenyewe akamwambia, "Ludger, unakuja kunioa au unakuja kuangalia kama nyumba yetu ina nyufa?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Normand aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1971 na Colette aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1974, na wajukuu wanne. Aliichezea timu ya mji hadi mwaka 1979, akaacha meno manne kwenye barafu mbalimbali za wilaya hii, na akitabasamu ulikuwa unaweza kuyahesabu mapengo.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo kamati iliandika mistari miwili na mimi nimeiongeza.

Ushirika ulipovunjwa mwaka 2003 ghala lilibaki tupu, na kaka yangu alibaki vilevile, akawa anakwenda kila asubuhi kufungua kufuli, anatazama ndani, anafunga, anarudi nyumbani kumwudhi Fernande. Mwezi Novemba 2004 wanafunzi watano wa chuo chetu walimkuta pale mlangoni, wakamweleza kwamba wana klabu ya hoki, kwamba klabu maana yake ni wao wenyewe, chuo kinawaazima jina tu, hawana kocha, hawana uwanja, wanacheza mtoni mpaka mto unapokataa, na je, yeye mwenye ufunguo angewaruhusu wamwage maji kwenye sakafu ya ghala wapate barafu. Ludger alicheka mpaka akashika mlango. "Nyinyi watoto," aliwaambia, "miaka thelathini na mitano nimeifukuza baridi humu ndani kama mwizi, leo niipigie magoti niikaribishe?" Wakamjibu, "Ndiyo, mzee, tena uiandalie na kahawa." Alikuja kwangu jioni ile akiwa na uso ambao sijauona tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano, akaniambia, "Rosa, nimepata kazi," nikamwuliza mshahara kiasi gani, akaniambia nisimharibie siku.

Kutengeneza barafu si kumwaga maji na kulala, kama wengi wanavyodhani. Unafungua matundu yote, unaacha baridi ya Januari iingie siku tatu, kisha unapitisha maji ya moto, ndiyo, ya moto, kwa pipa linaloburutwa juu ya sleji, kile kigari cha kuteleza thelujini, na blanketi nyuma yake, tabaka jembamba kama ganda la kitunguu, unasubiri ligande, unapitisha jingine, na ukiwa na haraka ukamwaga mengi kwa mara moja, juu kutaganda na chini kutabaki maji, na mchezaji wa kwanza mzito atazama hadi kwenye vifundo. Ludger hakuwa na haraka, na kwa miaka minane kila majira ya baridi aliikuza barafu ile tabaka kwa tabaka, akawa pia kocha wao kwa sababu alikuwa amesimama pale pale akiwapigia kelele hata kabla hawajamwomba. Jezi nilikuwa nafua mimi, na kuhusu harufu ya zile jezi sitasema lolote mbele ya altare.

Mtaniuliza kwa nini hawakuridhika na klabu. Walikuwa wakifurahi, ni kweli, lakini klabu hufa kila wakati wanaoipenda wanapohitimu, na Ludger alikwisha kuona mambo mengi mazuri katika mji huu yakifa, kiwanda, ushirika, stesheni, shule ya masista, akasema hili halifi. Alitaka iwe timu rasmi ya chuo, yenye kocha wa kuajiriwa, mtaalamu wa majeraha, basi lake na nafasi yake katika ligi ya vyuo, timu ambayo itaendelea hata watu wote waliomo wakiondoka. Waliomba mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu Bodi ya chuo ikakubali kuja kutazama kwa macho, siku ikapangwa, Jumamosi, tarehe 19 Januari 2013, saa saba mchana, mechi dhidi ya klabu ya vijana wa ng'ambo ya mto.

Ijumaa ile jioni redio ilitangaza baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, na kaka yangu, aliyekuwa akila supu ya mbaazi huku kichwa chote kikiwa kwenye mechi ya kesho, aliweka kijiko chini, akavaa koti, akaenda ghalani, akafunga matundu yote ya hewa, akajaza jiko kuni kavu hadi mdomoni, akaliwasha, akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Nimeshafunga, viazi viko salama." Na Fernande, ambaye alikuwa ameisikia sentensi hiyo kwa miaka thelathini na minne, alijibu kama alivyojibu siku zote, "Vizuri, baba Normand, malizia supu." Wakalala usingizi wa wenye haki.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ililia, na alikuwa Corey Pelkey, aliyekuwa kipa na nahodha mwaka ule, mtoto wa fundi bomba wa hapa mjini, mnamwona pale mbele amevaa tai kwa mara ya pili katika maisha yake. "Mzee," alisema, "nimekuja kufungua. Humu ndani kuna joto." Ludger akamwuliza joto gani. "Joto, mzee. Kuna ukungu, sioni upande wa pili. Nimesimama kwenye maji." Fernande anasema kaka yangu hakupiga kelele wala hakutukana, alikaa kitandani, akatazama mikono yake miwili, akamwambia, "Mama Normand, nimeipika barafu."

Kilichofuata wengi wenu mlikuwamo. Kengele ya kanisa hili ilipigwa saa kumi na mbili na nusu bila ruhusa ya mtu yeyote, na kufikia saa mbili watu zaidi ya mia moja walikuwa ghalani na makoleo ya theluji, wakizoa uji ule wa barafu kwenye mapipa ya viazi na kuumwaga nje, milango na matundu yote yako wazi, na masharubu ya wanaume yakageuka meupe wakiwa bado wanatukanana kwa furaha. Mzee Onésime Daigle, Mungu amrehemu naye, alikuwa akipita na koleo lake akiimba, "Nani anataka viazi vya kuchemsha?" na kila akipita kwa Ludger alikuwa akiinua kofia. Ludger alikuwa akiburuta pipa la maji ya moto, tabaka baada ya tabaka, na wote tulimwambia amwage mengi, muda hautoshi, akakataa, akasema afadhali nusu iliyo nzuri kuliko nzima ya uongo, na wageni walipoingia saa saba kamili barafu ilikuwa nusu uwanja, inang'aa, na nusu ya pili ilikuwa sakafu yenye madimbwi.

Vijana wa ng'ambo walitazama, wakacheka, nahodha wao akasema, "Sawa, tutacheza watatu kwa watatu, kama utotoni," na wakacheza hivyo, goli moja likiwa ukutani na jingine katikati ya uwanja, na mpaka leo wapo wanaosema ni mechi nzuri kuliko zote zilizowahi kuchezwa pale. Lakini Mkuu wa Chuo, Dkt. Harriet Winslow, aliyekuwa amekaa na wajumbe wenzake wamejifunika mablanketi, aliuliza kilichotokea, na vijana wetu, ambao walikwisha kupatana tangu asubuhi, walijibu kwa sauti moja kwamba bomba lilipasuka. Mimi nilikuwa karibu, nilimwona kaka yangu akiacha sleji yake, akavua kofia, akasema, "Mama, hakuna bomba lililopasuka. Hawa watoto wananifichia aibu. Niliwasha jiko mwenyewe jana jioni. Nilidhani kuna viazi." Dkt. Winslow akauliza, "Viazi gani?" naye akajibu, "Ndiyo hivyo, mama. Havipo."

Majibu ya Bodi yalifika tarehe 22 Februari 2013, na nilimsomea mimi kwa sababu hakupata miwani yake, au alisema hakuipata. Hawakukubali, lakini hawakukataa, waliandika kwamba wataangalia upya iwapo patakuwa na sakafu ya kupozea isiyotegemea hali ya hewa wala kumbukumbu ya mtu, hayo ni maneno yao, iwapo klabu itacheza misimu mitatu mfululizo bila kuahirisha mechi hata moja, iwapo atapatikana mtaalamu wa majeraha, na jambo la nne, iwapo kocha atakuwa na shahada, kwa kuwa ndivyo kanuni za ligi zinavyotaka. Nilidhani hakusikia, nikataka kuikunja barua. Akasema, "Soma tena hilo la nne." Nikasoma. Akasema, "Hilo ndilo rahisi kuliko yote, Rosa. Hilo halihitaji hata msumari. Naondoka tu."

Ndugu zangu, mimi nilikasirika, na sitaficha leo kwa kuwa niko kanisani. Mtu aliyeacha darasa la kumi ili wadogo zake tule, nami nikiwa mmoja wao, niliyemaliza shule na kupata cheti kwa viazi alivyookota yeye, ndiye anaambiwa hafai kusimama kwenye benchi alilolipigilia misumari kwa mkono wake. Nilipika ploye, zile chapati zetu nyembamba za jadi, nikazifunga kwenye kitambaa zisipoe, nikaenda ofisini kwa Dkt. Winslow bila miadi, nikamwomba waandike kanuni kwa namna ambayo kaka yangu atapenya, na yule mama alinisikiliza vizuri, alikula ploye mbili, akaniambia ataona. Ludger alipopata habari hakunisemesha kwa siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili alikuja jikoni kwangu, akakaa, akasema, "Ukiwaombea waniache mimi, wataniacha, ni watu wema. Halafu timu itakuwa timu ya Ludger. Na Ludger akifa?" Akaomba kahawa.

Kwa miaka minne alifanya kazi ambayo mimi sijapata kuona mtu akiifanya kwa moyo mkunjufu namna ile, kazi ya kujiondoa. Corey alipohitimu shahada ya elimu ya viungo mwezi Mei 2014, Ludger alimzuia asihame, akamtafutia chumba kwa mjane mmoja wa pale kona, akamfundisha yote, jinsi ya kusikiliza barafu kwa kisigino, jinsi ya kumweka benchi kijana mwenye kiburi bila kumvunja, jinsi ya kupoteza mechi na bado kwenda kupeana mikono na kila mmoja wa wale waliokushinda huku ukiwatazama machoni, na kila wiki alikuwa akimwachia jambo moja zaidi. Mtaalamu wa majeraha alipatikana, na walicheza misimu mitatu bila kuahirisha, ikiwemo ile safari ya Februari 2015 ambapo wachezaji tisa walikuwa na homa na wakaenda wanane, wakafungwa kumi na mbili kwa sifuri, Ludger akarudi ameridhika kabisa. Fernande alimwuliza, "Mmefungwa kumi na mbili, unafurahia nini?" akajibu, "Tulikwenda, mama Normand. Tulikwenda."

Jumanne, tarehe 10 Mei 2016, Bodi ilipiga kura, saba kwa mbili, kwamba kuanzia msimu wa mwaka 2017 timu ya hoki itakuwa timu rasmi ya Chuo cha Grand Coude. Majira mawili ya kiangazi chuo na mji walifanya kazi bega kwa bega kutandika mabomba ya kupozea chini ya sakafu ya ghala, baba yake Corey akiwa msimamizi, na jiko la kuni aliling'oa Ludger mwenyewe, hakutaka msaada, akalipeleka kwenye banda lake la nyuma ambako liko mpaka leo, na Fernande angependa mtu yeyote mwenye gari aje alichukue.

Kuhusu ugonjwa nitasema kwa kifupi, kama alivyotaka. Mwezi Agosti 2017 alianza kupungua uzito, tarehe 29 mwezi huo akaambiwa ni saratani ya kongosho, akamwuliza daktari mechi ya kwanza ni tarehe 3 Novemba, je, atafika, na daktari, ambaye naona yuko hapa, alimjibu ukweli kwamba hajui. Alifika. Ijumaa ile, tarehe 3 Novemba, alinunua tiketi kama mtu mwingine, nikakaa naye safu ya nne, na alikuwa hajui aweke wapi mikono yake, kwa kuwa hakuwahi kuitazama mechi ya ghala lile akiwa amekaa. Kabla haijaanza Corey alipanda ngazi na suti yake mpya, macho yamemjaa maji, akasema, "Mzee, shuka ukae na sisi, hakuna atakayekuuliza," naye akamtazama, akamnyoosha tai, akasema, "Rudi kwenye benchi lako, kocha." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Corey alirudi. Tulifungwa manane kwa moja, na lile moja kaka yangu alilishangilia mpaka nesi aliyekuwa nyuma yetu akamshika bega.

Walipoteza mechi kumi na moja mfululizo, na kila Jumapili Corey alikwenda kumweleza. Jumamosi iliyopita, tarehe 13 Januari, walishinda, manne kwa matatu, ugenini, ushindi wa kwanza wa timu rasmi ya chuo hiki, na asubuhi yake Corey alikuja na kile kisahani cheusi cha mpira kinachochezewa hoki, kilichofunga goli la mwisho, akamwekea kiganjani. Ludger alikishika muda mrefu, sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, akauliza, "Jumamosi ijayo mnacheza na nani?" Corey akamtajia. "Wana kipa mrefu," kaka yangu akasema. "Sasa unakaa hapa kufanya nini? Nenda kajiandae." Jumanne, tarehe 16 Januari 2018, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa nyumbani kwake na mkewe amemshika mkono, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani waliosafisha theluji mlangoni kwetu kabla hatujaamka na wasiseme ni nani, walioleta vyakula mpaka tukakosa pa kuviweka, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa ushirika, kwaya, Baba Paroko, na Dkt. Winslow, ambaye mwezi uliopita alikuja kumwona na akaomba tena ploye. Ardhi imeganda, kwa hiyo kama ilivyo kawaida yetu jeneza litahifadhiwa katika chumba cha makaburini hadi mwezi wa tano, na tarehe ya mazishi tutawatangazia mashamba yakianza kulimwa. Baada ya ibada tunakaribishwa wote ukumbini kwa chakula.

Tangazo moja la mwisho, na hili halimo kwenye karatasi. Jumanne usiku Corey alinipigia simu kwamba wachezaji wameomba mechi ya leo iahirishwe, kwa heshima ya mzee, na chuo kimekubali, na wapinzani wamekubali, inasubiriwa familia tu iseme. Mimi ndiye familia aliyoipigia, mimi niliyeichukia timu hii rasmi kwa miaka minne kwa sababu ilimtoa kaka yangu mlangoni, na kwa kweli ningeweza kusema ndiyo, na ghala lingekaa giza leo, na sote tungejisikia kwamba bila yeye haiwezekani. Lakini nikamwambia, "Corey, mkiahirisha, ndipo atakuwa amekufa kweli." Kwa hiyo wageni wetu walisafiri kwa muda wa saa saba kwenye theluji, wamelala hapa mjini, na ndio wale vijana wenye makoti ya kijani waliojipanga ukutani pale nyuma, karibuni sana, poleni na safari, asanteni kwa kuja kusali na sisi, na leo jioni tutawafunga.

Ludger, kaka yangu, mechi inaanza saa moja. Wewe hutakuwepo, na wao watacheza, kama ulivyotaka. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.